Bei ya Uso wa Victorine

Ukutani mwa studio ya Pontien kulikuwa na ubao mmoja tu wenye maandishi, na maandishi yenyewe yalikuwa ya bei. Picha kubwa kama daftari. Picha ya kati kama kiganja. Picha ya karte, ile ndogo ya kubandikwa kwenye kitambulisho. Kubwa kwa bei kubwa, ndogo kwa bei ndogo, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza kwa nini. Karatasi ndiyo iliyouzwa. Mwanga, uso na kicheko vilikuwa bure.

Klishe, ile filimu ambayo ndani yake weupe huonekana weusi, haikuuzwa. Ilibaki kwa Pontien, katika makopo ya biskuti, kila moja ndani ya bahasha yenye jina la familia. Mtu akitaka nakala nyingine alikuja mwenyewe au alimtuma ndugu anayejulikana. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoandika sheria hiyo. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba hufunui chungu kwenye jiko la jirani.

Hii ilikuwa Albertville ya mwaka 1963, mji ambao leo unaitwa Kalemie. Vita vya kujitenga kwa Katanga vilikuwa vimekwisha, lakini madaraja ya reli yalikuwa bado yamelala mtoni, na chochote kilichozoea kuja kwa treni kilikuwa hakiji. Serikali mpya ya jimbo ilitaka kila mtu awe na karte mpya. Watu wakajipanga mlangoni kwa Pontien na mashati yaliyopigwa pasi, na Pontien akawa anawarudisha mmoja mmoja, kwa sababu karatasi za picha zilikuwa zimemwishia. Alikuwa na kamera, alikuwa na dawa za kusafishia, hata umeme kutoka bwawa la Bendera ulikuwa unakuja siku nyingi. Karatasi hakuna. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, akitazama njia.

Hapo ndipo Edmond alipoingia. Alikuwa wakala wa kiwanda kimoja cha sabuni cha ng'ambo ya ziwa, mtu wa miaka kama arobaini, suruali yenye mkunjo mkali na viatu ambavyo vumbi la mji huu lilikuwa halijavizoea.

"Papa Pontien, mbona studio imefungwa mchana hivi?"

"Haijafungwa, Papa. Imenyamaza."

Edmond alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. Alikuwa ameona picha iliyoning'inia kando ya ubao wa bei. Msichana ameinama juu ya beseni uani, maji yanamtiririka mashavuni, ameinua uso na kucheka kwa mdomo wote. Haikuwa picha ya mteja. Pontien aliipiga asubuhi moja kumalizia filimu.

"Huyu ni nani?"

"Mudogo wangu, Victorine. Wazazi walipokufa nilimulea miye."

"Na anacheka nini hivyo?"

"Ananicheka miye. Nilirudi nyuma ili nimpate vizuri, mguu ukaingia katika ndoo."

Edmond aliisogelea picha mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akasema kiwanda chake kinatafuta uso wa kuweka kwenye karatasi ya kufungia sabuni, na wamechoka na michoro ya maua. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi chenye mraba mdogo uliochorwa kwa penseli katikati.

"Picha itakaa hapa. Bei gani?"

Pontien alichukua rula. Kila aliyeijua studio ile aliijua rula yake ya mbao, na hakuna aliyewahi kuishuku. Akapima mraba ule urefu, akapima upana. Ulikuwa mdogo kuliko picha ya karte. Akafikiri kidogo, kwa sababu hakupenda kumwibia mtu, kisha akamtajia Edmond bei ya karte, na kwa kuwa mraba ulipungua, akapunguza kidogo.

Edmond alimtazama kwa muda. Alionekana kama mtu anayengoja sentensi imalizike.

"Hiyo ndiyo bei yako?"

"Njo bei ya kila muntu hapa. Sikuongezei kwa sababu ya viatu."

"Sawa," Edmond alisema polepole. Akaongeza kwamba melini ana maboksi mawili ya karatasi za picha kutoka Bujumbura, na atampa kama zawadi. Kesho yake alileta maboksi na kontra, mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa. Pontien alikuwa amesoma kwa mapadri. Aliisoma yote na kuelewa kila neno. Pale palipoandikwa kwamba picha itatumika kwa namna zote na kwa muda wote, hakuona ajabu. Picha ikishatoka mlangoni, nani amewahi kuirudisha? Akatia sahihi. Klishe ya Victorine ikaingia katika mkoba wa Edmond, na jioni ile ile watu wa karte wakaanza kuingia studio kwa furaha, wakijifuta jasho la pua.

Victorine alipoambiwa alicheka vile vile kama kwenye picha. "Yaya," alimwambia kaka yake mkubwa, "basi nitakuwa nanukia mji mzima!"

Meli ilileta sabuni mwanzoni mwa kiangazi. Kwa kuwa treni hazikuja, sabuni nyingine hazikuwepo; hii ndiyo ilikuwa sabuni ya mji. Victorine alikuwa katika kila duka, amepangwa safu juu ya safu, anacheka na maji mashavuni. Watoto walimfuata njiani wakiimba "Mama Sabuni, Mama Sabuni," naye mwanzoni aliwarushia maganda ya karanga. Kwenye bomba la maji wanawake walimtania.

"Victorine, leo umemwosha mume wangu mgongo!"

"Miye jana nimekumaliza, mwenzangu. Umebaki kipande tu."

Alijibu utani kwa utani, siku za mwanzo. Lakini karatasi ya sabuni haina kazi sabuni ikishatoka. Uso wake ulianza kuonekana mitaroni. Ulikanyagwa sokoni, ulifungiwa dagaa, ulielea kando ya ziwa palipofuliwa nguo. Kwenye baa karibu na gare, stesheni ya treni, walevi waliubusu mbele ya wenzao wakiulizana nani ataoa leo. Kisha mtu aliubandika ndani ya mlango wa choo cha wafanyakazi wa bandari, na habari hiyo ikafika nyumbani kabla ya mwenye habari kufika kazini. Tangu hapo Victorine alipita nyuma ya nyumba, penye mihogo, hata akienda dukani pa jirani. Alipocheka aliziba mdomo kwa mkono. Pontien aliona jambo hilo la mkono kabla ya mtu yeyote, maana kazi yake ilikuwa kutazama nyuso, na hakulisema.

Na Victorine alikuwa mchumba wa mtu. Sébastien, kijana fundi wa treni, alikuwa amemposa. Baba yake, Papa Barnabé, katekista wa kijiji cha wavuvi upande wa kusini, alikuwa amekwisha kuleta sehemu ya mahari, na matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Yanasomwa mara tatu. Kati ya ya pili na ya tatu, Papa Barnabé alikuja studio.

Alivua kofia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwa zile ngazi na maua, akafungua leso pajani. Ndani yake mlikuwa na kipande cha sabuni, kimevikwa karatasi yake.

"Papa Pontien, tulikuja kwako kuomba mutoto mumoja."

"Ndiyo, Papa."

"Mumoja. Sikuomba wa kila duka. Huyu ni nani?"

"Njo yeye, Papa."

"Ah." Mzee alikigeuza kipande kile. "Kwa hiyo kabla sijamaliza mahari, kuna mwingine aliyekwisha kulipa. Nawe ulipokea."

"Ilikuwa picha, Papa. Haikuwa mutoto."

"Mahari ni heshima ya uso wa binti. Yeye alitoa nini kwa uso huo huo? Niambie, tulinganishe."

Pontien alitamani kudanganya. Akatazama ubao ukutani, na mzee akafuata macho yake, kutoka picha kubwa, kwenda ya kati, mpaka chini.

"Bei ya karte?" Papa Barnabé aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na punguzo kidogo. Mraba ulikuwa mdogo."

Nje mtu alikuwa anagonga msumari.

"Ungemuuza ghali, ningekasirika," mzee alisema mwishoni. "Ningepiga kelele hapa, watu wangekusanyika, tungepatana. Sasa umenifunga. Nitamkasirikia nani kwa bei ya karte?" Akaifunga leso yake upya, pembe moja baada ya nyingine. "Sébastien anampenda. Miye pia nampenda, ana heshima. Lakini mama yake Sébastien alifungua sabuni ziwani mbele ya wanawake wote, karatasi ikamwangukia miguuni. Sura ya mkwe wake. Alisimama hapo hajui aikanyage au aiokote. Uiondoe, Papa Pontien. Kabla ya matangazo ya tatu nione duka moja tu lisilo naye. Moja tu, nitajua umejaribu."

Pontien alikwenda depo ya sabuni, karibu na bandari, hata kofia hakuchukua. Edmond alikuwa peke yake katikati ya masanduku, na kila sanduku lilikuwa na Victorine ubavuni, mkubwa kuliko kwenye karatasi. Pontien alisimama mbele ya sanduku moja. Rula isingeliweza kuliita hilo karte.

"Kontra ilisema namna zote," Edmond alisema kwa upole, kana kwamba amesikia wazo lake.

"Nirudishie klishe, Papa. Nitarudisha maboksi ya karatasi."

"Maboksi umekwisha kuyatumia. Nusu ya mji inatembea nayo mfukoni." Edmond alikaa juu ya sanduku, akamwonyesha mwenzake lingine. Pontien hakuweza kumkalia mdogo wake, akabaki wima. "Sikiliza. Siku ile nilikungoja. Nilikungoja uniulize tutachapa ngapi. Uniulize miaka mingapi. Uniulize kama ni Albertville tu, au na Uvira, na Bujumbura. Kila swali lina bei yake, na kiwanda kilinipa ruhusa ya kukubali. Weye ukatoa rula."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi ni mutumishi kama weye. Nikukumbushe kuninyang'anya?" Alisema hivyo bila kiburi, alionekana amechoka. "Kuna njia moja. Mwisho wa mwezi wanabadilisha mashine, wanaweza kuweka sura mpya. Niletee mwanamke mwingine. Kijana, anayecheka, kutoka katika makopo yako. Bei ile ile. Nikiandika barua kwamba huyu ni bora, Victorine atatoka."

Pontien alirudi studio, akafunga mlango, akashusha makopo.

Hakuwahi kuyafungua yote kwa pamoja. Akayamwaga mezani, bahasha juu ya bahasha, akawa anainua klishe moja moja mbele ya dirisha. Mke wa mwalimu, siku aliyopata cherehani: mumewe anajua kuandika, atapeleka mashtaka. Binti wa karani wa forodha: karani atakuja na polisi. Wale mapacha wa mtaa wa wavuvi: kaka saba. Bibi arusi wa mwaka jana: bado wanagombana kuhusu mahari, usiongeze kuni. Kila aliyemwinua alikuwa na mtu nyuma yake, na Pontien aliwaona watu hao wakija mlangoni na leso zao. Akaendelea kuinua na kuweka chini mpaka akampata Domitille.

Domitille alikuja mjini na mama yake kutoka upande wa Niemba, wakati vijiji vilipochomwa. Mama alifariki. Msichana alibaki akiuza unga wa muhogo kando ya njia, akilala kwa watu. Alilipia picha yake kwa unga, na alipoambiwa atazame kamera alicheka kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye kiti chenye mto. Kicheko kilikuwa kizuri. Hana baba, hana kaka, hana mchumba. Hana wa kuja.

Pontien aliingia chumba cha giza akachapa picha moja, kubwa. Aliitia katika beseni la maji, na Domitille akatokea polepole, macho kwanza, kisha meno. Alipofungua mlango ili aione kwa mwanga, Victorine alikuwa amesimama hapo na sahani ya chakula.

"Huyu si Domitille wa unga?"

"Njo yeye."

"Anataka picha kubwa hivyo? Ataitundika wapi, hana ukuta."

Victorine alitazama beseni, akatazama meza yenye bahasha, akatazama uso wa kaka yake. Akaweka sahani chini.

"Anajua?"

"Victorine, matangazo ya tatu ni Jumapili kesho kutwa. Edmond amekubali kuandika barua, Papa Barnabé ataona nimejaribu. Utatoka."

"Nimekuuliza kama anajua."

"Hana mtu," Pontien alisema, na papo hapo akasikia alichosema.

"Njo maana umemuchagua." Hakupaza sauti. Aliingiza mkono ndani ya maji, akaitoa picha, akaishika kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa, ikimdondokea kwenye miguu. "Yaya, mimi nina weye. Nina Papa Barnabé wa kunionea aibu. Hata hivyo napita penye mihogo. Huyu atapita wapi?"

"Na Sébastien?"

"Sébastien anaijua nyumba hii. Amekula hapa." Mkono wake ukapanda kuziba mdomo, lakini ulikuwa umeshika picha, basi ukashuka. "Nikitoka mimi, anaingia yeye. Akilia yeye, utafungua makopo tena umtafute wa tatu? Utafika lini mwisho wa makopo?"

Pontien mwenyewe alimpelekea Domitille picha ile kubwa, bila malipo. Domitille aliikunja mara nne ili ienee katika kitambaa cha fedha zake, akashukuru sana.

Kesho yake Pontien alikwenda depo mikono mitupu. Alijaribu namna nyingine. Alimwambia Edmond bei ilikosewa, ipangwe upya kwa maswali yale yote: ngapi, miaka mingapi, nchi gani. Au wamwache Victorine aishe na sabuni iliyopo, basi. Edmond alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema hayo ni maswali mazuri na Pontien sasa ameshaijua biashara. Kisha akatoa kontra katika droo, akaweka kidole juu ya sahihi.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Padri alisoma majina ya wachumba kutoka karatasini, akageuza ukurasa, akasoma mengine. Ya Sébastien na Victorine hayakuwemo. Victorine alikuwa katika safu ya wanawake, wima, kitambaa kipya kichwani. Wimbo ulipoanza aliimba kwa mdomo wazi, na Pontien, kutoka upande wa wanaume, aliweza kutambua sauti yake kati ya zote. Papa Barnabé alimpa mkono nje ya kanisa, akaushika kwa muda mrefu kuliko desturi. Sébastien hakuwepo. Walisema amepangwa njia ya Kabalo, kutengeneza daraja.

Edmond alikuja tena studio baada ya mvua za kwanza. Kiwanda kilitaka uso wa mwanamume, kwa sabuni ya kunyolea. Pontien alimketisha, akamtuma kwanza akamwombe mwenye uso, ana kwa ana, na mwenye uso akikubali ndipo waje wote wawili. Akamwambia pia bei itapangwa kwa idadi na kwa mwaka, na mwaka ukiisha klishe inarudi. Edmond aliandika yote, akaondoka kwa adabu. Hakurudi. Ubao wa bei ulibaki ukutani ulivyokuwa, kwa sababu watu wa karte walikuwa bado wanakuja, na kwao hapakuwa na kitu cha kubadilisha. Ila wasichana walikuwa wanakuja na mama zao sasa, na kabla ya kukaa walidai klishe wapewe wao. Pontien aliwapa. Waliondoka wameikamata kwa vidole vichafu, na alijua kwamba baada ya mwezi mmoja itakuwa imekwaruzika, haitafaa kitu.

Jumamosi ni siku ya kufua. Victorine alipita penye mihogo mpaka dukani kwa Mama Léontine, jirani yao, kwa kuwa nguo hazifuliwi kwa aibu. Mama Léontine alishusha sabuni kwenye rafu, akataka kuigeuza ili uso uelekee chini, akaona upande wa pili nao ni uso.

"Samahani, binti yangu. Nyingine hakuna."

"Najua, Mama. Nipe mbili."

Nyumbani alikaa kwenye kigoda uani, akafungua ya kwanza. Sabuni akaitia katika maji. Karatasi ikabaki mkononi, kavu, nzuri, inacheka. Alitazama jiko lenye moto, alitazama shimo la takataka, alitazama mtaro. Pontien alikuwa mlangoni, anafuta kioo cha kamera kwa pindo la shati.

"Yaya," alimwita, akimnyooshea ile karatasi. "Hii tunaiweka wapi?"

Pontien aliipokea. Alisimama nayo pale uani, akiigeuza, mpaka maji ya beseni yakawa meupe kwa povu na nguo ya kwanza ikapanda kambani.